Muzee Twagirimana Angoja Kilio Chake

Asubuhi aliyokufa, muzee Twagirimana alikuwa amekaa mlangoni kwake, avenue Rusayo, mtaa wa Majengo, akingoja chai. Mkewe Dancille alikuwa ndani anakata jibini ya Masisi kwa uzi, kama alivyofanya kila siku kabla ya kwenda kuuza sokoni: unazungusha uzi kwenye jibini, unavuta ncha mbili, kipande kinaachia bila kuvunjika. Alipotoka na kikombe alimkuta mumewe amelegeza mikono juu ya magoti, na nzi aliyekuwa akimsumbua sikioni tangu alfajiri ameondoka zake. Dancille aliweka kikombe chini. Akamshika shingoni, akamshika kifundo cha mkono, akamrudishia kofia iliyokuwa imeteleza. Kisha akagonga ukuta kumwita jirani yake, Léocadie.

Katika avenue Rusayo ukuta mmoja unahudumia nyumba mbili, wakati mwingine tatu. Mababa waliwagawia watoto ua, watoto wakawagawia watoto wao, na waliokimbia vita milimani wakabanana humo humo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwafukuza. Sasa kati ya mlango wa Dancille na barabara kuna kichochoro ambacho mtu mnene hupita ubavu. Jeneza likiingia humo haligeuki. Limekwisha kujaribiwa.

Kwa muda mrefu jambo hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu mwisho wa avenue kulikuwa na uwanja. Volkano ilipotapika mara ya mwisho, ulimi mmoja wa lava ulifika pale, ukameza nyumba chache, ukasimama na kupoa. Watu wa avenue waliuponda kwa nyundo kila Jumamosi ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, mpaka ukawa sawa, bila mtu yeyote kuwaamuru wala kuwauliza ni wa nini. Walianika nguo hapo. Kwaya ilifanyia mazoezi hapo. Lakini zaidi ya yote, hapo ndipo walipolilia wafu wao. Marehemu alibebwa mgongoni kutoka kichochoroni, amefunikwa kitenge, kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, na akifika uwanjani ndipo anawekwa kwenye jeneza. Turubai linafungwa. Léocadie, ambaye kazi yake ni kukodisha viti vya plastiki, anavitoa vyote. Maharagi yanapikwa kwenye sufuria kubwa, na ndugu wanashuka kutoka Masisi na Rutshuru, wanalala hapo mpaka kilio kiishe.

Twagirimana alikufa juma lile lile uwanja uliponunuliwa. Mabati yalikuwa yameuzunguka tangu jana yake. Kuhusu barabara, tangazo lilikuwa limekwisha kutoka kwamba haizibwi tena na turubai, iwe kwa kilio au kwa harusi, kwa sababu pikipiki zinakosa pa kupita.

Shefu wa avenue, Honoré Bashige, alikuja akiwa amevaa koti lake la misiba. Alipita kichochoroni ubavu, akamshika Dancille mikono yote miwili, akasimama pale akitazama huku na huku kama mtu anayetafuta pa kuweka mzigo.

"Mama Dancille, pole sana," alisema. "Lakini sasa tutafanya je? Uwanja baliufunga na mabati. Barabara nayo banakataza. Hapa ndani hata viti kumi haviingie."

"Tutamupeleka fasi gani?"

"Sijuwe, mama. Kweli sijuwe."

Bashige alimgeukia marehemu, kwa kuwa walifahamiana miaka mingi na haikuwa adabu kumjadili kama hayupo.

"Muzee, unaweza kutungojea kidogo?"

Twagirimana alifumbua macho. Maisha yake yote ya mjini Goma alikuwa sentineli, mlinzi wa usiku, kwenye bohari ya kahawa karibu na bandari. Alikuwa amengoja kuche usiku mmoja baada ya mwingine mpaka bohari yenyewe ikafungwa.

"Kungoja si ndiyo kazi yangu?" alisema. "Mulete tu kiti ingine. Hii iko na muguu mubovu."

Léocadie akamletea kiti kizuri, cha bluu, chenye mikono. Basi Twagirimana akangoja.

Hakuwa mzigo. Hakula, na hilo lilipunguza kupika. Alitaka tu kushika kikombe cha chai asubuhi, kwa mazoea ya mikono, na chai ilipoa mara moja, na Dancille akainywa hivyo hivyo baridi kwa sababu hakuona sababu ya kuimwaga. Kwa ubaridi huo jibini ilikaa vizuri zaidi kuliko zamani. Dancille alianza kuiweka chini ya kiti, karibu na miguu ya mumewe, na wateja wake wakagundua kwamba haitoi jasho tena wakati wa jua. Waliuliza siri. Aliwaambia ni bwana yake, alikufa, na wao wakampa pole na kuchukua kipande kingine.

Binti yao, Uwitonze, anayefanya biashara ya maharagi katika mji wa Kiwanja, kule Rutshuru, alipiga simu kila mara.

"Mama, kilio ni siku gani? Nijue kupanga safari."

"Mutoto wangu, tungali natafuta fasi. Baba yako eko hapa. Umusalimie."

Simu ikapelekwa sikioni mwa muzee.

"Baba, uko muzima?"

"Hapana, lakini niko naikala vizuri," alisema Twagirimana. "Uangalie barabara, mvua imeharibu."

Kitu kimoja tu kilikuwa kigumu, nacho kilimwangukia Dancille peke yake: hakuweza kulia. Kwao kulia kuna mahali pake. Watu wanakusanyika, mwili unawekwa katikati, wanawake wanaanza, na mwenye msiba anaachia yote yaliyo ndani yake huku wengine wamemshika mabega asianguke. Ndivyo alivyomlilia mama yake. Ndivyo alivyowalilia watoto wawili waliomfia. Lakini huwezi kumlilia mtu anayekutazama, ambaye anaweza wakati wowote kukuuliza kama umeona tochi yake. Machozi yalibaki ndani. Aliyabeba sokoni, akayarudisha nyumbani, akalala nayo. Hakuwa tena mke kamili na hakuwa bado mjane, na mahali hapo katikati palimchosha kuliko kazi yoyote aliyopata kuifanya. Alimpenda sana yule mzee. Alitaka kumlilia kama anavyostahili, basi, hakutaka kingine.

Msimu wa mvua ulikuwa umeanza mhandisi Olivier alipokuja. Alikuwa kijana wa Himbi, kule karibu na ziwa, mpole, mwenye viatu safi vilivyokatwa na lava kabla hajamaliza kusalimia watu. Alikuwa ametumwa na mwenye kununua uwanja. Bwana huyo, alieleza, atajenga ghorofa. Vyumba vya juu vitakuwa vya wapangaji, lakini chini na ua vitakuwa vya watu wa avenue, na watu wa avenue ndio watakaosema wanahitaji nini. Olivier alilipigania jambo hilo mwenyewe ofisini, na alikuwa akisema kweli.

"Hatutaki kujenga kitu haina na mana kwenu," alisema. "Museme yote. Musiogope."

Siku ya mkutano mabati yalifunguliwa upande mmoja, watu wakaingia uwanjani. Wengi hawakuwa wamekanyaga pale tangu ulipofungwa, na baadhi ya wanawake waliinama wakaishika ile lava kwa kiganja kabla ya kukaa. Kwa kuwa Twagirimana ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri katika avenue nzima, Bashige alimbebea kiti chake mwenyewe akakiweka mbele, katikati. Olivier alikwenda kumsalimu kwa mkono.

"Muzee eko na baridi sana. Eko na malaria?"

"Hapana, alikufa," alisema Bashige.

"Oh. Pole sana," alisema Olivier, akavua kofia. Kisha akafungua mfuko wa chokaa.

Njia yake ya kufanya kazi ilikuwa nzuri. Kila mtu alisimama, akasema kinachohitajika, akatembea mpaka mahali anapotaka kiwe, na Olivier akakichora kwa chokaa pale pale chini, ukubwa wake halisi, ili watu waone kwa macho yao nafasi inavyokwenda. Mwanamke wa kwanza akasema robinet ya maji, kwa sababu watoto wanashinda njiani na madumu. Bomba likachorwa. Mwingine akasema zahanati, akaeleza jinsi alivyojifungulia juu ya pikipiki, na hakuna aliyebisha. Zahanati ikachorwa. Wakasema madarasa mawili. Bashige akasema parking, kwa kuwa magari yakiingia humo hayatasimama tena mbele ya milango ya watu. Weupe wa chokaa ukaenea juu ya lava nyeusi, na uwanja ukapungua.

Sasa lazima niseme jambo kuhusu watu wa Majengo. Wanaitwa wakali, wanaitwa wabishi, na mtu akiwaibia pikipiki ataona. Lakini ni watu wa adabu kupita kiasi, na adabu hiyo inawagharimu. Kila mtu aliyekuwa pale alijua uwanja ule ulikuwa wa nini. Kila mmoja alimtazama Twagirimana aliyekaa katikati, kofia kichwani, akisikiliza kwa makini, na kila mmoja akaona haiwezekani kusema mbele yake, na mbele ya mgeni, kwamba wanahitaji mahali pa kulilia wafu. Ingekuwa kumwambia muzee usoni kwamba amechelewa. Ingekuwa pia kuita kifo mkutanoni. Kila mmoja alitegemea mwenzake atalisema.

Léocadie ndiye aliyekaribia. Alisimama, akaweka mikono kiunoni, akafungua mdomo. Twagirimana aligeuza shingo na kumtazama kwa upole, kama jirani.

"Choo," alisema Léocadie, akakaa.

Choo kikachorwa. Dancille alikuwa upande wa wanawake, kitenge juu ya kichwa. Mtu ambaye maiti wake hajaliliwa hasimami kusema mbele ya watu, ndivyo alivyofundishwa, na aliketi juu ya mikono yake ili isimwinue. Mwishowe Olivier alimwendea muzee mwenyewe.

"Na weye, muzee? Unahitaji nini?"

Twagirimana alifikiri. Mtu haombi kilio chake mwenyewe, kama vile haendi kwa watu akaomba akaribishwe chakula. Alitazama mistari ile myeupe, akatazama anga, akatazama viatu vya mhandisi vilivyokatika.

"Miye niko sawa hapa," alisema.

Olivier akachora duara la chokaa kuzunguka kiti chake. Watu walipiga makofi, maana mkutano ulikuwa umekwenda vizuri.

Ujenzi ulianza. Twagirimana alipelekwa uwanjani asubuhi na kurudishwa jioni, kwa sababu alipenda kutazama watu wakifanya kazi, na mafundi walimzunguka bila kumgusa, wakiweka chakula chao karibu naye ili kisichache. Kuta zilipofika kwenye madirisha, Olivier aliwaita tena watu waje waone. Walitembea kutoka chumba hadi chumba wakishika tofali, wakifurahi. Yote waliyoyasema yalikuwapo. Pale palipokuwa na duara la chokaa, karibu na njia ya kuingilia, kulikuwa na msingi wa kibanda kidogo. Olivier alieleza kwamba kwenye mchoro duara lile lilionekana kama kibanda cha mlinzi, na kweli jengo linahitaji mlinzi.

Dancille alisimama. Hakuwa ameitwa kusema. Alikitoa kitenge kichwani akakifunga kiunoni.

"Ingénieur," alisema, "miye niko bibi ya ule muzee. Tulikosa kukuambia kitu moja. Hatuna fasi ya kulilia batu betu. Hii uwanja ndiyo ilikuwa fasi. Bwana yangu alikufa, na mpaka leo sijamulilia."

Watu wote waliinamisha macho. Wengine walipumua kwa nguvu, kama mtu anayetuliwa gunia. Olivier alisimama na karatasi zake mkononi.

"Lakini mama, kwa nini hakuna mutu alisema?"

"Tungesema namna gani," alijibu Léocadie, "na mwenyewe eko pale anatusikia?"

Olivier alimtazama muzee, akatazama kuta. Alikuwa mtu mwema, na aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Kwetu Himbi tunalilia mu parcelle, mu ua ya nyumba," alisema polepole. "Parcelle ni kubwa. Sikufikiri."

Hakuna aliyemkasirikia. Alipiga simu kwa mwenye jengo pale pale, akaenda pembeni, akazungumza muda mrefu huku akitikisa kichwa. Alirudi akasema kuta haziwezi kusogezwa tena, lakini bwana amekubali kilio kifanyike kwenye parking, siku ya Jumapili, jengo likishafunguliwa, mradi magari yapate kupita. Bashige alimshukuru kwa niaba ya avenue. Dancille pia alimshukuru, na usiku ule alilala.

Jengo lilifunguliwa. Maji yalitoka bombani, kweli yalitoka, na watoto wakayachezea mpaka wakafukuzwa. Jumapili ikafika. Uwitonze alishuka kutoka Kiwanja na gunia la maharagi. Shemeji wa Masisi walikuja na maziwa. Jeneza lililetwa juu ya chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao inayobeba kila kitu mjini, na safari hii halikuhitaji kugeuka popote, liliingia getini moja kwa moja. Turubai likafungwa kati ya nguzo mbili za parking. Léocadie alipanga viti vyake vyote, akavifuta kimoja kimoja. Twagirimana alikuwa ameogeshwa na kuvalishwa suti. Aliwaaga watu kwa mkono, akavua kofia, akampa Dancille, akaingia kwenye jeneza, akalala, akafumba macho. Wanawake wakakaa karibu. Uwitonze akamshika mama yake bega la kulia, Léocadie la kushoto. Dancille akavuta pumzi, na yote yaliyokuwa ndani yake kwa muda huo wote yakaanza kupanda.

Honi ikalia getini.

Lilikuwa lori la maji, limekuja kujaza tangi la bomba lao. Twagirimana alifumbua macho. Maisha yake yote honi ilipolia getini yeye ndiye aliyeinuka, na hakujua namna nyingine ya kuisikia. Akajikongoja kutoka jenezani, akapita katikati ya wanawake akisema pardon, pardon, akaenda akafungua geti. Watu wakasogeza viti, lori likapita chini ya turubai, likasimama, likamwaga maji, likatoka. Akafunga geti, akarudi, akalala tena.

"Mutanisamehe," alisema.

Wanawake wakaanza upya. Sauti ya kwanza ilikuwa imekwisha kutoka, ile ndefu ya kufungua kilio, pikipiki ilipopiga honi mfululizo. Alikuwa mama mwenye uchungu wa kuzaa, amebebwa katikati ya dereva na dada yake, anapelekwa zahanati. Twagirimana alikimbia, kadiri mfu anavyoweza kukimbia. Hakuna aliyethubutu kununa, kwa kuwa zahanati waliiomba wenyewe, na mtoto alizaliwa vizuri, na sauti yake ilisikika mpaka parking. Baada ya hapo yalikuja magari ya wapangaji wa juu, yakitoka kanisani moja baada ya jingine. Watu wake walijaribu kumzuia. Bashige alisema yeye atafungua. Uwitonze alisema yeye atafungua. Twagirimana alikubali kila mara, akafumba macho, na honi ilipolia alikuwa wa kwanza kufika getini. Na hakuna mwanamke duniani, hata awe na uchungu gani, anayeweza kumlilia mtu aliyesimama wima mbele yake akifungua komeo.

Jua lilipoelekea kuzama maharagi yalikuwa yameliwa. Bashige akafungua kamba za turubai. Shemeji wa Masisi wakaaga, wakasema wataitwa tena. Uwitonze alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, kisha akamkumbatia baba yake kwa muda mfupi zaidi, kwa sababu ya baridi, akapanda gari la Kiwanja.

Jeneza halikurudishwa. Liliwekwa wima ndani ya kibanda cha mlinzi, ambapo linaenea sawasawa, na Twagirimana hutundika humo koti la mvua na tochi yake. Hakuna aliyemwajiri. Hakuna aliyemwachisha. Wapangaji wa juu wanampungia mkono, na inasemekana hakuna jengo Majengo lenye usalama kama lile, maana mlinzi wake hasinzii.

Msimu uliofuata Léocadie alikufa, ghafla, akiwa anahesabu viti. Bashige alipita kichochoroni ubavu na koti lake la misiba, akamwuliza kama anaweza kungoja. Léocadie alisema hana shida, viti anavyo. Sasa amekaa upande wa pili wa geti, naye Bashige hupita kuwasalimia wote wawili asubuhi. Dancille aliposikia kwamba mhandisi Olivier amekwenda na chokaa yake kwenye avenue nyingine, kule Buhene, ambako kuna uwanja mwingine wa lava umenunuliwa, alipanda pikipiki akaenda. Olivier mwenyewe ndiye aliyempa nafasi ya kusema. Dancille alisimama mbele ya watu wa kule, akawaambia yote bila kuficha, na wakamsikiliza kwa heshima, na mwanamke mmoja akamletea kiti na maji ya kunywa. Kisha wakamtazama mzee wao mmoja, mgonjwa, aliyeletwa akakaa mbele amefunikwa blanketi. Wakasema robinet.

Jioni Dancille akitoka sokoni huenda kukaa kibandani. Jibini iliyobaki huiweka chini ya kiti cha bluu, na anammiminia mumewe chai ashike. Wanaongea mambo ya kawaida: bei ya makaa, wajukuu, mvua. Honi inalia. Twagirimana anamrudishia kikombe, anajiinua na magoti yake magumu, anakwenda. Geti ni zito, na lava chini yake haijasawazishwa vizuri. Hapo ndipo Dancille anapolia. Anavuta ncha ya kitenge mpaka mdomoni na kumlilia mumewe haraka, kwa nguvu zake zote: anamlilia kijana aliyemfuata nyuma ya ng'ombe milimani, anamlilia mzee aliyekufa bila kunywa chai yake, analilia kichochoro na jeneza, mpaka anaposikia komeo likirudi mahali pake. Anajifuta. Mumewe akikaa tena, anamkuta na kikombe mkononi, tayari.

"Ilikuwa nani?"

"Batu ya juu," anasema muzee.

Hivyo amekwisha kumlilia sehemu kubwa, kwa vipande. Bado inabaki.

Wenye magari sasa wanalalamika kwa Bashige. Wanasema muzee wa getini alikuwa mwepesi, lakini siku hizi akifungua anachelewa mno kufunga, anasimama pale ameshika komeo, amewapa mgongo watu wote, kama mtu anayesikiliza kitu. Bashige aliwakumbusha kwamba amekufa, wawe na subira. Alimwuliza pia mwenyewe, na Twagirimana alisema ni bawaba, zimekauka. Bashige akamletea chupa ya mafuta. Twagirimana alimshukuru, akaiweka ndani ya jeneza pamoja na tochi, na mpaka leo hajaifungua.